Gemu za vipindi na "ningejua": mwongozo kamili wa kuamua, kujuta na kuendelea kucheza

Gemu ya kwanza kuninyima usingizi ilinifanya nigawe chakula. Katika kipindi cha pili cha The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, Lee Everett, mhusika unayemcheza, anakabidhiwa vipande 4 vya chakula awagawie watu wa kambi. Watu wako 10. Unazunguka kambini na vipande vyako mkononi, kila unayemkaribia anakutazama, na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Mama alikuwa mezani nyuma yangu, anachambua mchele wa kesho. Sikujua kama anafuatilia mpaka aliposema, "Watoto kwanza, baba." Nikampa Clementine, nikampa Duck. Cha tatu nikampa Mark, kijana aliyekuwa akikata kuni. Cha nne nikampa Carley.

"Na yule mzee?"

"Larry? Huyo ana matusi, mama. Toka kipindi cha kwanza ananitukana."

"Ana matusi, lakini ana njaa." Akarudi kwenye sinia lake.

Kabla kipindi hakijaisha, Larry alikuwa sakafuni mwa chumba cha kuhifadhia nyama, moyo umegoma, binti yake Lilly anamkandamiza kifua na kupiga kelele. Gemu haikusema popote kwamba ameanguka kwa njaa niliyomnyima, na kwa kweli huanguka hata ukimshibisha. Lakini mimi niliyatazama yote yale nikiwa na kile kipande ambacho sikumpa.

Tangu hapo nimecheza nyingi za aina hii, za hadithi inayokuja kipindi kwa kipindi na kukuachia wewe uamue, na nimewakalisha wadogo zangu na marafiki wazicheze. Nimeona wengi wakiziharibu kwa kosa lilelile: wanayakimbia majuto. Wakiamua jambo likawauma, wanarudi nyuma, wanachagua jingine, hilo nalo likiuma wanarudi tena, mpaka wanafika mwisho wakiwa na hadithi safi isiyo ya mtu yeyote. Mwongozo huu ni wa kukusaidia usifanye hivyo, na pia kukuonyesha pale ambapo kurudi nyuma ni halali kabisa.

Onyo moja kabla hujaendelea: nitamwaga mambo ya msimu wa kwanza wa The Walking Dead (2012) na Life is Strange ya kwanza (2015). Kama hutaki kuharibiwa uhondo, soma hatua mbili za mwanzo, nenda ukacheze, urudi.

Hatua ya kwanza: chagua gemu ya kuanzia

Usianze na ndefu. The Walking Dead msimu wa kwanza ina vipindi 5, na kila kimoja ni cha kumaliza usiku mmoja. Life is Strange, iliyotengenezwa na Dontnod ya Paris na kutolewa na Square Enix, nayo ina vipindi 5, na kipindi chake cha kwanza kimekuwa kikitolewa bure tangu 2016, kwa hiyo unaweza kuonja kabla ya kulipa. Zote mbili zilitolewa pia kwa simu. Kompyuta yako haihitaji kuwa na misuli. Hizi si gemu za kuchosha mashine.

Ukitaka presha, saa inayokimbia na damu, anza na ya kwanza. Ukitaka shule, urafiki na huzuni inayokuja taratibu, anza na ya pili. Zote ni za watu wazima. Usimwachie mtoto wa miaka 10 kwa kuwa tu umeona kuna mtoto kwenye picha ya mbele.

Hatua ya pili: andaa kumbukumbu zako kabla ya kuandaa moyo wako

Gemu hizi zinajihifadhi zenyewe. Huchagui lini, ukishaamua, limeandikwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua nafasi za kuhifadhia. Utakapoanza mchezo mpya utaonyeshwa nafasi zaidi ya moja. Ya kwanza ni ya maisha yako halisi, na haiguswi tena. Zilizobaki ni za majaribio. Kama mnatumia kompyuta moja nyumbani, mwambie kila mtu ya kwanza ni ya nani. Najua nyumba moja ambayo mdogo mtu alianza upya juu ya vipindi vinne vya kaka yake, na hawakusemeshana mpaka Ijumaa.

Halafu, faili lenyewe. Maamuzi ya msimu mmoja husomwa na msimu unaofuata, lakini gemu itayasoma tu ikiyakuta. Mimi nilipeleka kompyuta kwa fundi iwekewe Windows upya, nikakumbuka kuhamisha picha na muziki, nikasahau gemu. Nilipofungua msimu wa pili, haikukuta chochote, ikanichagulia mambo yangu ya zamani kwa bahati nasibu. Nikaanza kuishi na historia ya mtu mwingine. Toleo la zamani la kompyuta huweka kumbukumbu ndani ya folda ya Documents, kwenye folda ndogo yenye jina la Telltale Games. Inakili yote kwenye flashi, ni ndogo mno, kisha ndipo uende kwa fundi. Na usianze msimu wa kwanza kwenye simu ukitegemea kuuendeleza kwenye PlayStation.

Washa maandishi ya chini ya skrini. Pakua kipindi chote wakati bando lipo, usitegemee kupakua katikati ya hadithi. Vaa spika za masikioni. Nusu ya unachohitaji kuamua kimo kwenye sauti ya mtu anayekuomba kitu.

Mwanzoni The Walking Dead itakuuliza kama unataka vidokezo kwenye skrini au la. Vidokezo hivyo ndivyo vinavyoleta yale maneno mashuhuri kwamba Clementine atalikumbuka jambo fulani. Viache kwa kipindi cha kwanza ili ujue gemu inavyosikiliza. Kuanzia cha pili ningekushauri uvizime. Vikibaki, utaanza kucheza kwa ajili ya yale maandishi badala ya kumtazama mtoto mwenyewe usoni.

Hatua ya tatu: jibu swali la "mimi ni nani hapa"

Kabla ya kipindi cha kwanza kuisha, amua kama unacheza kama wewe mwenyewe au kama mhusika. Lee ni mtu aliyehukumiwa kwa kuua. Gemu inaanza akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, anatolewa Atlanta. Unaweza kumcheza kama mtu mwenye siri anayechuja maneno, na unaweza kumvalisha tabia zako. Kinachoharibu ni kubadilisha katikati: leo unaamua kwa dhamiri yako, kesho unaamua kwa kuwa "itakuwa inachekesha". Majuto yanahitaji mtu mmoja wa kuyabeba.

Mimi huandika sentensi moja kwenye karatasi na kuiweka chini ya kompyuta. Ya Lee wangu ilikuwa: "Clementine kwanza, ukweli wa pili, wengine baadaye." Haikunipa majibu yote, ila iliponishinda nilijua imenishinda wapi.

Hatua ya nne: saa na ukimya

Kwenye gemu za Telltale, unapoulizwa jambo kuna mstari unaopungua chini ya skrini. Ukiisha, umejibu kwa kunyamaza. Watu wapya hudhani kunyamaza ni kufeli. Sivyo. Ukimya umewekwa makusudi kama jibu, wahusika huusikia, na mara nyingine ndilo jibu la kiungwana kuliko yote manne. Kwa sisi tunaosoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, ukimya una faida zaidi: ni bora kunyamaza kuliko kubonyeza sentensi ambayo hukuielewa.

Life is Strange haina haraka hiyo. Maamuzi makubwa yanaisimamisha skrini na unaweza kwenda kuchemsha chai. Zaidi ya hapo, Max Caulfield, msichana unayemcheza, anaweza kurudisha muda nyuma, kwa hiyo unaona matokeo ya karibu ya kila jibu kabla ya kuendelea. Tutairudia hiyo, maana ina mtego wake.

Hatua ya tano: mitego ya lugha

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu miongozo iliyoandikwa na wazungumzaji wa Kiingereza hailigusi jambo hili na sisi ndilo linalotuumiza zaidi.

Maneno unayoyaona kwenye kitufe ni kifupi cha kile mhusika atakachosema. Unabonyeza maneno mawili ya upole, Lee anafungua mdomo na kutoa sentensi tatu za ukali. Na kuna vitufe vyenye maneno ambayo hata wenye lugha yao wamekosea. Mfano uliozoeleka zaidi umo kwenye The Wolf Among Us, gemu nyingine ya Telltale. Bigby, sherifu, yuko baa iitwayo Trip Trap anaongea na Woodsman. Kati ya majibu, kuna kitufe kilichoandikwa "Glass him". Wachezaji wengi walidhani ni kumkaribisha kinywaji: mpe glasi. Wakabonyeza kwa roho nyeupe. Bigby akachukua glasi na kumvunjia mwenzake usoni.

Hayo si majuto yako. Hukuamua kumpiga mtu glasi, uliamua kumkaribisha kinywaji, na gemu ikakusikia vibaya. Ndiyo maana nayatenga, kama utakavyoona kwenye hatua ya saba.

Ufanyeje kujikinga? Kitufe kikiwa na kitenzi usichokijua, simamisha gemu kwa kitufe cha mapumziko, tafuta neno kwenye simu, rudi. Soma pia mabano: jibu lililo ndani ya mabano kwa kawaida ni tendo, mwili utafanya kitu, lisilo na mabano ni maneno tu. Na ukicheza na mtu anayejua Kiingereza kuliko wewe, mpe kazi ya kutafsiri, usimpe kazi ya kuamua. Tofauti hiyo mkubaliane nayo mapema, maana mkalimani ana tabia ya kutafsiri jibu analolipenda yeye kwa sauti tamu zaidi.

Hatua ya sita: tazama kabla ya kupita

Gemu hizi zina vipande vya utulivu ambapo unatembea chumbani na kuangalia vitu: picha ukutani, barua, kitabu kilichoachwa wazi. Wengi hupita mbio kwa kuwa hakuna kinachotokea. Kinachotokea kitakuja kukudai baadaye.

Hakuna mahali panapoonyesha hili kuliko kipindi cha pili cha Life is Strange. Kate Marsh, mwanafunzi mpole wa dini, amedhalilishwa na wenzake kwa video iliyosambazwa. Mwishoni mwa kipindi anakutwa juu ya paa la bweni, na Max anapanda kumfuata. Kipindi kizima umezoea kurudisha muda. Juu ya paa uwezo unakwisha. Huna tena pa kurudi. Una maneno tu, na baadhi ya maneno yanategemea ulichokiona chumbani kwake mchana: nani kwenye familia yake anamshika moyo, ni aya gani ya Biblia anayoipenda. Aliyepitiliza chumba kile anabahatisha juu ya paa. Yanahesabiwa pia mambo madogo ya kutwa nzima: kama ulipokea simu yake ulipokuwa mgahawani na Chloe, rafiki wa Max, au uliiacha iite kwa kuwa Chloe amekunja uso.

Mimi simu niliipokea. Chumba nilikitazama nusu. Sitakwambia iliishaje kwangu.

Kama jambo la kujidhuru liko karibu na maisha yako au ya mtu wako, hicho ni kipindi cha kucheza ukiwa na mtu pembeni, au cha kukiacha kabisa na kusoma muhtasari wake. Hakuna anayekupa alama kwa kuvumilia.

Hatua ya saba: umeshajuta, sasa ufanye nini?

Hii ndiyo hatua kuu. Umebonyeza, limetokea, tumbo limekaza, na kidole kinaelekea kwenye kitufe cha kurudi. Kabla hujafanya chochote, jiulize majuto haya ni ya aina gani. Kwa uzoefu wangu yako ya aina nne, na kila moja ina dawa yake.

Majuto ya kidole: ulitaka jibu la juu, pedi ikateleza ukabonyeza la chini, au umeme uliyumba na muda ukaisha. Rudia bila aibu.

Majuto ya lugha: ile glasi ya Bigby. Ulielewa kitu kimoja, kikatokea kingine. Rudia pia. Ila jitendee haki: swali ni kama hukuelewa maneno, si kama hukupenda matokeo yake. Ukianza kusema "sikuelewa kwamba angekasirika", hapo umeshahama aina.

Majuto ya macho: hukutazama, hukusikiliza, ulipita mbio. Haya meza. Yanauma, lakini ni ya haki, na yatakufanya ufungue macho kipindi kinachofuata.

Majuto ya moyo: ulijua, ulielewa, ulikuwa na nafasi, ukaamua hivyo. Kwa hasira, kwa woga, kwa upendeleo. Haya usiyaguse kabisa. Ndiyo uliyolipia. Mzee Larry ni wa kundi hili; nilikuwa na kipande mkononi na nikamwadhibu kwa ulimi wake.

Kurudia kwenyewe kufanye hivi. Gemu za Telltale zina sehemu ya kurudi kwenye tukio la nyuma ndani ya kipindi. Ukirudi kwenye nafasi yako ya kwanza, yaliyofuata tukio hilo yanafutwa, kwa hiyo rudi karibu kadiri inavyowezekana na urekebishe hilo moja tu. Life is Strange ina namna ya kurudi kutafuta picha ulizokosa bila kugusa maamuzi yako. Itumie hiyo ukitaka kuzungukazunguka, na soma vizuri kilichoandikwa kabla ya kukubali.

Na ule uwezo wa Max? Watu hujiuliza: kama gemu yenyewe imenipa kurudi nyuma, kwa nini nijinyime? Usijinyime. Lakini tazama unachoonyeshwa: matokeo ya dakika moja mbele tu. Unaona Mwalimu Mkuu Wells akikunja uso ukimtaja mwanafunzi Nathan, huoni itakavyokuwa kipindi cha nne. Ukirudisha mara sita kwa jambo moja unakuwa umekariri nyuso sita na hujui zaidi ya pale ulipoanza. Kanuni yangu ni moja: narudisha mara moja kusikia upande wa pili, kisha naamua. Na kipindi cha tatu kinaitania tabia hiyo bila huruma. Max anarudi miaka nyuma kumwokoa baba yake Chloe asipate ajali, anafanikiwa, na anaporudi leo anamkuta Chloe kwenye kiti cha magurudumu.

Hatua ya nane: asilimia za mwisho wa kipindi

Kipindi kikiisha, kama una intaneti, utaonyeshwa maamuzi yako makubwa na asilimia ya wachezaji waliofanya kama wewe. Watu huyasoma kama matokeo ya mtihani. Ukijikuta na wengi unapumua, ukijikuta na wachache unaanza kujitetea.

Kabla hujabonyeza kuyaona, sema kwa sauti sababu ya kila uamuzi, au iandike chini ya ile sentensi yako. Ukishaona namba, akili yako itatengeneza sababu inayolingana nazo, nawe hutagundua. Mkiwa wawili chumbani, hapo ndipo mazungumzo mazuri huanzia. Nimeshuhudia ubishi wa nani aokolewe kati ya Doug na Carley ukihama kutoka sebuleni hadi kituo cha daladala.

Hatua ya tisa: weka kiu kati ya vipindi

Siku hizi msimu wote uko tayari, unaweza kuumaliza Jumamosi moja. Usifanye hivyo. Waliocheza The Walking Dead ilipotoka walipata kipindi cha kwanza Aprili 2012 na cha tano Novemba. Wa Life is Strange walisubiri kuanzia Januari 30 hadi Oktoba 20, 2015. Katikati walienda kazini, wakapika, wakaoga, na uamuzi wao ukawa unawafuata. Majuto ni kama maharage, hayaivi kwa moto wa dakika tano.

Wiki moja kati ya kipindi na kipindi inatosha. Ikikushinda, basi usilale na viwili usiku mmoja. Katika muda huo kaa mbali na video za watu wanaocheza. Picha ndogo tu ya mbele ya video inaweza kukumalizia msimu mzima.

Hatua ya kumi: utakapogundua njia zinakutana

Kuna siku utaongea na rafiki aliyechagua kinyume chako, mtagundua mmefika pale pale. Kwenye shamba la Hershel, umsaidie Shawn, mwanawe Hershel, au mtoto Duck, Shawn anakufa. Ukimwokoa Carley badala ya Doug duka la dawa la Macon, au kinyume chake, uliyemwokoa anapigwa risasi na Lilly kipindi cha tatu. Ukimvuta Ben, kijana wa kundi lako, asianguke kutoka mnara wa kengele kipindi cha nne, hamalizi cha tano.

Wengi huhisi wametapeliwa wakaiacha gemu hapo hapo. Naelewa hasira yao. Lakini fikiria kazi ilivyo: kila tawi linahitaji kuandikwa, kuigizwa kwa sauti na kuchorwa mienendo, na kipindi kinachofuata kinatakiwa ndani ya miezi michache. Ukiacha matawi yazaane, kipindi cha tano kingekuwa gemu thelathini. Kwa hiyo yanarudishwa kwenye shina.

Mimi nimeacha kupima gemu hizi kwa nani anabaki hai. Ninaangalia ninadaiwa nini. Mwishoni mwa kipindi cha pili, kundi lenye njaa linakuta gari limejaa chakula msituni, halina mtu. Clementine anauliza: je, kama lina mwenyewe? Ukikataa kuchukua, wenzako watachukua tu. Chakula kinaliwa kwa vyovyote. Vipindi vitatu baadaye, kwenye hoteli moja ya Savannah, Lee anakaa kitini mbele ya mwenye gari. Mtu yule alipoteza familia yake, na anakuhoji juu ya uliyoyafanya njiani, jambo baada ya jambo. Aliyekataa kugusa gari lile ana neno la kumwambia. Aliyechukua kwa hiari ana neno jingine. Chakula ni kilekile, anayejibu ndiye tofauti.

Life is Strange 2 (2018 hadi 2019) ilikwenda mbali zaidi kwa njia ninayoipenda. Sean Diaz, miaka 16, anakimbia na mdogo wake Daniel wa miaka 9 kutoka Seattle kuelekea Mexico. Kutwa unaamua mambo madogo: kuiba au kutoiba dukani, kutukana au kutotukana mbele ya mtoto. Mwishoni unachagua, lakini Daniel naye anachagua, kwa jinsi ulivyomlea. Mdogo wangu wa kike alipofika hapo na Daniel akakataa kumtii, alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe aliniona ile siku ya dukani."

Mzunguko wa pili

Ukimaliza, subiri. Mwezi, miwili. Halafu, ukipenda, fungua nafasi ya pili na uchague kinyume kila mahali. Sasa ni ruhusa kurudi nyuma utakavyo, kupekua, kuona mishono ya nguo kwa ndani. Usitegemee kuumia tena kama mwanzo. Huu ni mzunguko wa fundi, si wa msafiri.

Nilipofanya hivyo ilikuwa usiku tena, na mama alikuwa mezani, safari hii na mchicha. Aliposikia sauti za ile kambi akainua kichwa.

"Leo mpe yule mzee."

Nikampa Larry. Nikamnyima Mark. Saa moja baadaye tulikuwa tena kwenye chumba cha nyama, Larry akashika kifua na kuanguka pale pale. Mama akaacha mchicha, akasogeza kiti akakaa karibu yangu, akaniambia nimsaidie binti yake kumkandamiza.